Tulivyolinganishwa Jikoni

Nilipoanza kazi hoteli ile ilikuwa mali ya shirika la umma, na ilipouzwa bado nilikuwa mle mle jikoni. Siku ya makabidhiano walikuja watu wa suti, wakapita chumba kwa chumba wakibonyeza magodoro na kuwasha taa kisha kuzizima. Jikoni walifungua majokofu, wakapekua makabati ya sufuria. Mmoja wao alinitazama, mimi na mwiko wangu mkononi, akaandika kitu, wakaenda zao.

Wiki ile wengi walipunguzwa. Wahudumu wa vyumba waliondoka, walinzi wakaondoka, na mzee aliyekuwa mpishi mkuu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi tangu kushika kisu, alivua aproni yake akaikunja vizuri akaiacha juu ya meza. Mimi niliambiwa nimebakizwa. Ndilo neno walilotumia. Nililipokea kwa mikono miwili na nikasema asante.

Nilikuwa na sababu ya kushukuru. Mume wangu alikuwa fundi umeme katika kiwanda kilichofungwa mwaka uliotangulia. Kiinua mgongo chake alikinunulia mashine ya kusaga, akaifunga kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu Ipagala, na kwa miezi michache tuliishi vizuri. Kisha ukaja mgao wa umeme. Umeme ulikuwa unakatika asubuhi unarudi jioni, siku nyingine haurudi kabisa, na wanawake waliokuwa wanaleta mtama na mahindi yao kwetu wakahamia kwa jirani mwenye mashine ya dizeli. Mume wangu alikuwa akikaa kwenye kibanda chake na kitambaa mkononi, anafuta mashine isiyofanya kazi. Tulikuwa na watoto shuleni, na mama yangu yuko Mlali, macho yake yanazidi kufunga ukungu. Mshahara wangu ulikuwa mdogo, lakini ndio uliokuwepo.

Meneja mpya alikuwa kijana msomi, mtu wa adabu. Kila asubuhi alipita jikoni akaniamkia, "Shikamoo mama," na akasubiri nimwitikie kabla ya kuendelea. Nasema hivi ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kufoka. Sikumsikia hata siku moja akimpandishia mtu sauti.

Siku moja aliniita akaniambia hoteli inataka kubadilisha chakula. Wageni wamekuwa wengi, wabunge wakija kwenye vikao hawataki kula kuku wa kuchemsha na wali mkavu kila siku, wanataka biriani, wanataka samaki wa nazi, wanataka mikate ya kumimina. Wamepata mpishi kutoka Tanga. Ni mwanamke, bado kijana, hana ndugu Dodoma. Je, ningeweza kukaa naye nyumbani kwangu kwa muda, mpaka apate chumba?

Nikasema hakuna shida.

Alikuja na basi la mchana, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, ana begi moja na kikapu cha nazi. Aliniamkia shikamoo, nikamwambia mimi si mkubwa kiasi hicho, akacheka akasema basi atakuwa ananiita dada lakini shikamoo haiachi. Nilimpa kitanda cha binti zangu na wao wakalala chini. Alikuwa Mwislamu, sisi ni Waanglikana, na kabla hajauliza nilimwambia kwamba nyama yetu tunanunua kwa mchinjaji Mwislamu, ale bila wasiwasi. Akasema, "Dada, Mungu akulipe."

Ningependa kusema kwamba hakujua kazi. Ingenisaidia. Lakini alijua. Alikuwa na mkono mwepesi kwenye viungo, na alikuwa hachoki. Alikuwa anakuna nazi huku anaimba chini chini, anachuja tui huku anauliza habari za watoto wangu. Mimi nilimwonyesha jiko lipi lina mlango mbovu, mgeni gani hali pilipili, na namna ya kufanya kazi siku ambazo maji ya bomba hayatoki, nazo Dodoma zilikuwa nyingi. Yeye alinifundisha kupika biriani. Katika juma la kwanza tulikuwa tumeshazoeana kiasi kwamba tulipeana vitu bila kusema. Nikinyoosha mkono, kisu kimefika.

Watoto wangu walimpenda. Mume wangu, ambaye alikuwa ameanza kuwa mtu wa kunyamaza, aliweza kukaa sebuleni akamsikiliza akisimulia mambo ya kwao. Alikuwa na mtoto mdogo wa kiume aliyemwacha Tanga kwa mama yake. Baba wa mtoto alikuwa hajulikani aliko. Alikuwa anatembea na picha ya yule mtoto kwenye pochi, na alipoionyesha alikuwa anaifuta kwanza kwa kidole.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Nilikuwa nimetoka kanisani, yeye amefua, tumekaa uani kwenye mkeka na ungo wa mchele katikati yetu tunachagua mawe. Mume wangu alikuwa kibandani. Akasema, "Dada, nataka kukuuliza kitu, lakini usinicheke."

Nikamwambia aulize.

"Huu mshahara walionipa. Mimi sijui maisha ya huku. Kule Tanga nilikuwa napata karibu na huo huo, nusura nikatae kuja. Hivi kwa Dodoma unatosha kweli? Kodi, chakula, na nipeleke kidogo kwa mtoto?"

Akautaja.

Mikono yangu iliendelea kuchagua mawe. Nakumbuka hilo kwa sababu niliitazama. Ulikuwa mshahara unaozidi wangu karibu mara mbili, na kati yake na wangu ilikuwapo miaka yote niliyosimama mbele ya jiko lile, tangu binti yangu mkubwa yuko mgongoni.

"Unatosha," nikasema. "Ukijibana, unatosha."

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Akashusha pumzi. Akasema kwamba amekuwa na wasiwasi, kwamba alidhani wamempunja kwa kuwa ni mgeni. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Wewe wa siku nyingi bila shaka uko juu zaidi. Na mimi nikikaa nitafika."

Nikanyanyuka nikaenda kuanua nguo zake kwenye kamba. Zilikuwa bado mbichi. Nikazianua hivyo hivyo, nikasimama nazo mkononi nyuma ya nyumba.

Mume wangu nilimwambia siku iliyofuata asubuhi, kabla sijatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uko kwenye mkanda wa mashine. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ametaja mwenyewe, wala hakuwa anajisifu, alikuwa anasikitika.

"Utafanya nini?"

"Nitakwenda kuuliza."

"Mama watoto," akasema, "humu ndani mmoja ameshapigwa kalamu nyekundu. Wawili hatuwezi."

"Nitauliza kwa adabu."

Akarudi kukaza mkanda wa mashine.

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba ambacho zamani tulikuwa tunahifadhi mashuka. Alinyanyuka nilipoingia, akanivutia kiti. Nilimweleza kama nilivyokuwa nimejipanga njiani: kwamba sina ugomvi na mwenzangu, kwamba anastahili alichopewa, ila kazi tunayofanya ni moja, na mimi nimeanza mapema, na naomba wanifikirie.

Alifikiri kidogo. Sidhani kama alikuwa anaigiza. Alifikiri kweli, kisha akanijibu kama mtu anayemfafanulia mzazi wake jambo.

"Mama, nikueleze ukweli. Wewe tulikurithi. Mwekezaji alinunua jengo, akanunua vitanda na majokofu, na wafanyakazi waliobaki akawakuta na mishahara yao ya shirika. Yule dada tulimtafuta. Alikuwa na kazi kwingine, ilibidi tumng'oe kule. Aliyetafutwa na aliyekutwa hawawezi kuwa sawa."

"Lakini kazi ni ile ile."

"Kazi ni ile ile. Yeye alitaja anachotaka. Wewe hukuwahi kutaja."

"Basi nataja sasa."

Akatabasamu, si kwa dharau, kwa huruma hasa. "Sasa, mama, ukitaja, mimi itanibidi nikuulize utakwenda wapi nikikataa." Akageuza uso kidogo kuelekea dirishani. Kutoka pale lango lilionekana, na nje ya lango walikuwa wamesimama watu wanaotafuta kibarua, kama walivyosimama kila asubuhi. Mmoja wao alikuwa mtunza bustani wetu wa zamani. Alikuwa amevaa shati safi.

Nikamshukuru, nikarudi jikoni.

Tangu siku ile nilibadilika, na sikuweza kujizuia. Sikumtukana wala kumsengenya. Nilianza tu kumwambia "samahani" nikipita nyuma yake, na "tafadhali" nikitaka chumvi. Chakula cha mchana nilikula nimesimama. Nyumbani nilikuwa nawahi kulala, au najifanya nawahi. Baada ya muda alipata chumba chake palepale Ipagala, kizuri, chenye sakafu ya saruji na dirisha la nyavu, na siku anahama nilimbebea begi. Hata huko sikumtembelea.

Aliniuliza kama amenikosea. Mara ya kwanza nikamwambia nimechoka. Mara ya pili nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi.

Kisha Bunge likaanza kikao. Hoteli ikajaa mpaka wageni wakalala wawili wawili. Jikoni tulikuwa tunaingia kabla ya jua na kutoka tukiwa hatuhisi miguu. Siku moja mchana umeme ulikatika wakati wali uko katikati ya kuiva kwenye majiko ya umeme, tukakimbilia mkaa nje, tukabeba masufuria yale makubwa watu wawili wawili, na katika kubeba huko nilimwagikiwa maji ya moto mguuni. Yeye ndiye aliyeniketisha stoo juu ya gunia la mchele, akaleta maji ya baridi, akapiga magoti akaanza kunimwagia taratibu.

"Dada," akasema, bado ameinamia mguu wangu, "niambie. Hata kama ni kitu kibaya. Niambie nijue."

Nikamwambia.

Nilimtajia mshahara wangu. Hakuelewa mara ya kwanza, akadhani nazungumzia nyongeza. Nikarudia. Akaacha kumwaga maji.

"Wa mwezi?"

"Wa mwezi."

"Na mimi nilikuuliza kama unatosha."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia unatosha."

"Kwa sababu unatosha," nikasema. "Mbona mimi naishi."

Alikaa chini sakafuni pale pale, kwenye maji. Akafunika uso wake kwa aproni. Huko nje walikuwa wanaita, wali, wali, wageni wamekaa, na wote wawili hatukunyanyuka kwa muda. Nilipotazama mabega yake nilihisi kitu ambacho sikukitegemea: hasira yote niliyokuwa nayo juu yake ilikuwa imekwisha, na hapakuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Bila kuniambia, alikwenda kwa meneja. Nilijua tulipoitwa sote wawili, siku chache baadaye, wageni wamepungua. Meneja alituvutia viti.

"Mama," akaniambia, "mwenzako alikuja kukusemea. Amesema si haki wapishi wawili wa jiko moja wapishane namna hii. Amesema yeye anaona aibu kuchukua mshahara wake. Mimi nimelifikiria, nimelifikisha juu, na wamekubali kwamba ana hoja. Kuanzia mwezi ujao mtalingana."

Nikasema asante. Mwenzangu naye akasema asante, akamwambia meneja Mungu ambariki. Tulipofika kwenye korido alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Mwezi ule ulikuwa mzuri kuliko mingi niliyoipata. Tulirudi kula pamoja. Mume wangu nilimpa habari akiwa kibandani, akatoka nje, akasimama juani, akacheka peke yake. Jioni ile alitengeneza mguu wa kiti uliokuwa umevunjika tangu alipopunguzwa. Tulipanga. Nilipanga hasa jambo moja: mama yangu apelekwe hospitali ya misheni akafanyiwe macho. Gharama tulikuwa tumeshaziulizia zamani tukaziacha, maana wakati huo mgonjwa alikuwa ameanza kulipia kila kitu, mpaka bandeji.

Nikachukua ruhusa ya siku mbili nikaenda Mlali mwenyewe. Nilimkuta mama ameketi kizingitini anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Nilimsalimu Kigogo, akanijua kwa sauti, akanyoosha mkono akanigusa uso. Nikamwambia mwezi ujao nakuja kukuchukua. Akaniuliza mara kadhaa kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, nimeongezwa mshahara, na mpishi mwenzangu ndiye aliyenipigania. Akaniuliza jina la huyo mwenzangu ili amwombee. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshawaambia majirani wote, na mmoja akaja na kuku hai ili nimpelekee huyo mpishi wa Tanga mwenye roho nzuri. Nilisafiri na kuku huyo kwenye basi, amefungwa miguu, ndani ya kikapu.

Siku ya mshahara tulikuwa tunapanga foleni dirishani kwa mhasibu. Mimi nilitangulia. Nilipokea bahasha nikaenda kando, na kabla sijaifungua nilijua kwa vidole. Ilikuwa nyembamba kama siku zote. Nikadhani ni makosa, kwamba hawajapata muda wa kubadilisha. Nikageuka nimwambie mwenzangu, asubiri nikaulize.

Alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, bahasha yake imefunguliwa. Alikuwa ananitazama.

"Wewe wamekupa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akanyoosha bahasha yake nami nikaangalia. Zilikuwa sawa. Noti kwa noti, zilikuwa sawa.

"Wamenishusha," akasema.

Tulikwenda pamoja kwa meneja. Safari hii hakuvuta viti, lakini hakubadilisha sauti. Alisema alituahidi kulingana na tumelingana. Alisema hakusema nani atamfuata nani. Mwenzangu akamwambia kwamba alikuja kuomba mimi nipandishwe. Meneja akamkumbusha kwamba hakusema hivyo. Alisema si haki wapishane, na kwamba anaona aibu na mshahara wake. "Nilikuuliza mara mbili kama una uhakika na unachokisema," akasema. "Bado ulikuwa kwenye majaribio, dada. Mkataba wako ulikuwa haujasainiwa. Juu walipoliona jambo hili walifurahi sana, maana walikuwa wanatafuta pa kupunguza."

"Nina mtoto," mwenzangu akasema.

"Najua. Sote tuna watoto."

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaona meneja anaangalia dirishani, na sikuhitaji kugeuka ili nijue anaangalia nini. Nikafunga mdomo.

Yule kuku kutoka Mlali tulikuwa tumeshamla, siku ile ile nilipomleta, mwenzangu alimpika kwa nazi.

Mama sikwenda kumchukua. Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori la alizeti kwamba mambo yamechelewa. Hakuniuliza kwa nini, hata nilipokwenda kumwona baadaye. Jicho moja lilifunga kabisa mwaka ule, la pili likafuata. Majirani nao hawakuniuliza. Niliwasikia tu wakinyamaza nikipita.

Mwenzangu aliacha kile chumba cha saruji akahamia Mkonze, nje ya mji, kwenye chumba cha udongo kwa kikongwe mmoja, akawa anakuja kazini kwa miguu. Alikuwa anafika ameloa jasho na vumbi, ananawa kwenye ndoo nyuma ya jiko kabla ya kuvaa aproni. Hakuimba tena akikuna nazi. Mimi nilimwambia arudi kwangu, vitanda vipo. Akasema, "Hapana, dada, nimezoea." Nilijaribu kumwachia vyakula vilivyobaki, akawa anavipokea, anavifunga, lakini macho yake hayakuwa kwangu.

Hakunilaumu. Mara moja tu, tukiwa tunaosha sufuria, alisema jambo, polepole, kama mtu anayejaribu hesabu kichwani.

"Ningenyamaza, mimi ningekuwa napeleka kitu kwa mwanangu."

Nikasema, "Ni kweli."

"Na wewe ungekuwa vile vile ulivyo."

"Ni kweli."

Akasugua sufuria. "Basi nilikwenda kule kufanya nini?"

Nikachukua sufuria nyingine. Nilitaka kumwambia kwamba alikwenda kwa sababu alikuwa mtu mwema kuliko wote niliofanya nao kazi, lakini kwa namna alivyouliza niliona neno lile lingemuumiza.

Aliondoka kabla ya kikao kingine cha Bunge. Hakuniaga. Siku yangu ya zamu ya asubuhi alipita Ipagala, akamkuta mume wangu. Alirudisha khanga niliyomwazima na kinu kidogo cha kutwangia viungo. Mume wangu alimwambia angoje, kwamba mimi narudi saa nane. Akasema gari linaondoka. Mume wangu akamuuliza amwambie nini mama watoto. Akafikiri, kisha akasema, "Msalimie." Hayo ndiyo yote.

Nafasi yake waliichukua vijana wawili waliotoka palepale langoni, kwa mshahara ulio chini hata ya wangu. Meneja akaendelea kunipa shikamoo kila asubuhi, nami nikaendelea kuitikia marahaba. Biriani nilikuwa napika mimi, kama alivyonifundisha. Wageni waliisifu. Baada ya miaka kadhaa hoteli iliuzwa tena, na wanunuzi wapya hawakutaka kurithi mtu yeyote. Mume wangu alikuwa ameshauza mashine kwa bei ya vyuma chakavu. Tuliacha nyumba ya Ipagala kwa binti yetu mkubwa, tukarudi Mlali kulima uwele na alizeti, na kumtunza mama ambaye alikuwa anahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka chooni.

Mtu mmoja tuliyefanya naye kazi, aliyekuwa dereva wa hoteli, alikuja Mlali kununua alizeti akapita kutusalimu. Katika maongezi akaniambia kwamba alimwona yule mpishi wa Tanga. Ilikuwa Morogoro, kwenye mgahawa karibu na stendi, yuko nyuma ya kaunta anapakua wali. Amenenepa kidogo, amezeeka, lakini ni yeye. Dereva alifurahi, akamwita, akamkumbusha, sisi si tulikuwa wote Dodoma, hotelini, enzi zile?

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alinitazama vizuri sana. Akasema, kaka, umenifananisha. Mimi Dodoma sijawahi kufanya kazi."

Mume wangu akasema labda kweli hakuwa yeye. Dereva akaapa ni yeye, alimjua hata kwa namna anavyoshika upawa. Akaniangalia mimi niamue.

Nikamwambia huenda alimfananisha. Kisha nikaenda kumletea maji ya kunywa, maana alikuwa na safari ndefu mbele yake.